Hukumu Niliyoifukua Nyuma ya Kanisa

Amani iwe kwenu, nyinyi mliokaa na nyinyi mliokosa nafasi mkasimama mlangoni. Mchungaji ameniomba nieleze jinsi mdogo wangu alivyopona. Nitaeleza, lakini msishangae sauti yangu ikitetemeka. Hofu ile haijanitoka yote.

Wengi mnanijua. Siku za kazi ninashusha mizigo ya samaki inayotoka ziwani Kasenyi, na siku ya Mungu ninafagia humu. Baba yetu aliuawa tulipokuwa tukikimbia vita kule Djugu. Mama alifika nasi hapa Bunia, akaugua, akatuacha. Mimi ndiye mkubwa, basi niliacha shule ili wadogo zangu wawili wa kike wapate kula. Wananiita Yaya, kama mtoto yeyote wa hapa anavyomwita kaka yake mkubwa, ila kwetu jina hilo limebeba baba na mama pamoja.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: tangu tulipomzika mama, nilikuwa ninamwogopa Mungu vibaya. Nilijiuliza, kwa nini baba, halafu mama? Nikaona lazima kuna dhambi fulani katika nyumba yetu nisiyoijua, na Mungu anatuchukua mmoja mmoja mpaka haki yake itimie. Sikumwambia mtu. Mdogo wangu mmoja akikohoa tu usiku, ninaamka kusikiliza kama anapumua.

Mnajua desturi yetu. Mkate wa Meza ya Bwana ukibaki, hautupwi, unafukiwa nyuma ya kanisa, na kazi hiyo ni yangu. Mzee aliyenifundisha alinionya nisiuonje, kwa sababu mwenye kuula bila kustahili anakula hukumu. Ni neno la Maandiko. Lakini mimi, kwa kusoma kwangu kidogo, nililichukua vile lilivyo. Niliamini hukumu imo ndani ya mkate wenyewe, kama sumu ya panya ndani ya unga. Sahani ile nilikuwa ninaibeba mbali na kifua, na nikimaliza ninanawa mpaka kwenye viwiko. Mnacheka. Chekeni, sikatazi.

Jumapili moja yule mdogo wa mwisho alinifuata huko nyuma. Niliweka sahani juu ya jiwe, nikaenda kutafuta jembe. Niliporudi, nusu ya mkate haikuwapo, na yeye anajilamba vidole. Hakuwa amebatizwa. Alikuwa na njaa tu.

"Yaya, hii mukate iko tamu," akaniambia. "Unipe ingine."

Nilimtia kidole kooni atapike. Akaniuma, akalia, na mkate haukutoka. Nikaufukia uliobaki haraka haraka, nikamvuta mkono mpaka nyumbani.

Kesho yake akaanza kuchemka mwili. Kisha akatetemeka, meno yakagongana, na maneno aliyosema hayakuwa na maana. Mdogo wangu wa katikati akaniambia tumpeleke kwenye kituo cha afya. Nikakataa. Msinielewe vibaya, nilimpenda yule mtoto kuliko macho yangu. Lakini niliona kwamba kumpeleka kwa daktari ni kama kumficha mtu anayetafutwa. Mungu atakasirika zaidi, na atawachukua wote wawili. Basi nikafunga, nikapiga magoti kando ya mkeka. Mtoto alikuwa akiomba maji, akaomba tena, halafu akaacha kuomba. Alipoacha, ndipo nilipojua woga ni kitu gani.

Nikawaza hivi: kama hukumu imo ndani ya mkate, na nusu nyingine iko udongoni, mimi niile. Kama Mungu anataka mmoja katika nyumba hii, anichukue mimi, amwachie yeye. Nilimwacha mgonjwa na dada yake, nikaja hapa mchana wa jua kali, nikafukua kwa mikono. Mkate ulikuwa umelowa, una sisimizi. Nikala. Nilitafuna huku ninalia, nikingoja kuanguka.

Ndivyo alivyonikuta mama mmoja wa humu ndani, yule anayetuokea mkate huo. Alikuwa amekuja kuchukua vitambaa vya Meza akavifue. Jina lake amenikataza kulitaja.

"Weye," akasema, "uko unakula udongo?"

"Hapana, mama. Niko nakula hukumu ya mutoto wetu."

Nikamweleza yote. Nilidhani atapiga kelele, au ataenda kumwita mzee wa kanisa. Alichuchumaa, akanipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

"Umechelewa, mutoto wangu. Hukumu ile Yesu alishaikula. Yote. Hakukubakishia hata kipande."

Nilimuuliza: basi haki ya Mungu iko wapi, kama dhambi hailipwi? Akanijibu kwamba ililipwa, ila haikulipwa na mtoto wa mtu, ililipwa na Mwana wake mwenyewe, ndiyo maana tunakaa kwenye Meza na kula bila kufa. Nikamuuliza habari ya baba na mama. Yeye pia alizika watu wake kule Djugu.

"Hiyo sijui," akasema. "Lakini wenye kumuua baba yako walikuwa watu, na watu hao Mungu atawauliza. Usimuwekee Mungu panga mu mukono. Sasa simama. Mutoto iko wapi?"

Tulikimbia mpaka nyumbani. Yule mama alisimamisha pikipiki, tukampakata mtoto kati yetu, kichwa chake kinaning'inia kama cha kuku. Kwenye kituo nesi alisema malaria imempanda kichwani, akauliza kwa hasira kwa nini tumechelewa. Yule mama akasema nilikuwa ninamwogopa Baba. Nesi alifikiri ni baba mlevi wa nyumbani, akataka aletwe pale amwambie maneno mawili.

"Iko hapa," mama akajibu. "Anakuachia kazi, fanya."

Wakamtundikia maji ya dawa. Nilikaa sakafuni nimeshika mguu wake, na kila mara ulipopoa nilisema moyoni: sasa anachukuliwa. Niliogopa hivyo mpaka aliponipiga teke na kuniambia ninambana mguu.

Ninamshukuru yule mama. Ninamshukuru nesi, na dereva wa pikipiki ambaye hakungoja tukubaliane bei. Ninamshukuru mdogo wangu wa katikati, aliyesema neno sahihi mapema nami nikakataa kumsikia, na ameshanisamehe. Mungu alinisamehe kabla yake, na kukubali hilo ndiko kulikonichukua muda mrefu. Leo nitaketi Mezani pamoja nanyi kwa mara ya kwanza. Nitatetemeka, mnivumilie.

Na fundisho langu ni hili. Kama kuna mtu humu ndani aliyeacha mgonjwa nyumbani, na anamficha kwa sababu anadhani ni Mungu anayemlipiza, asisubiri nimalize. Asimame sasa hivi, atoke. Pikipiki ziko pale barabarani, na mimi nitakwenda naye.