Wageni wa Kulala Mchana

Katika basi la Mukurweini, mwaka wa sabini na nne, mama aitwaye Magdaline alikuwa akimwonyesha Huseni, dereva wa hoteli huko Nanyuki, barua aliyosomewa na katekista wa Gakindu.

"Mwalimu wa kijana yangu huko London anakuja likizo kesho asubuhi na bibi yake. Ati siku ya kwanza wanataka kulala tu! Na mimi niko na mbuzi, niko na kwaya ya kuwapokea saa nne."

"Mama, watakuwa kwa ndege usiku mzima. Watachoka."

"Wachoke na nini? Si watakuwa wameketi?"

Huseni alikuna kichwa. Nami, niliyeketi nyuma yao, nikakuna changu.

"Wageni wetu wote hulala kwanza," alisema. "Iambie kwaya ije jioni."

"Nikilaza mgeni mchana, watu watasema ni mgonjwa."

"Waambie ni mzima."

"Mzima analala saa nne?"

Basi lilisimama Gakindu. Wanawake wawili walikuwa wakimngoja Magdaline na kibuyu cha uji. "Pole sana," wakamwambia. "Katekista ametuambia juu ya wagonjwa wako."

Saa hiyo wagonjwa walikuwa bado London, hawajapanda ndege.