Tarehe Mbili za Kifo cha Careen

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani, na wageni mliopanda mlima kuja kutushika mkono, shikamooni wakubwa. Mimi ni Fortunata, shangazi wa marehemu, ukoo umenituma nisome historia yake, na ingawa asubuhi hii nimeombwa niruke ukurasa wa pili ili tusiwaudhi wageni, nitausoma wote.

Marehemu Careen Tumainieli alizaliwa tarehe 14 Machi 2014, hapa hapa Mamba, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa kaka yangu Tumainieli na wifi yangu Hedwiga, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo, akaanza darasa la kwanza Januari 2021, na mpaka anatutoka alikuwa darasa la tano, hodari wa hesabu, mvivu wa kuosha vyombo, mbishi kama mimi.

Kuhusu kazi, kila Jumamosi alimsaidia mama yake kuosha tangawizi, akivitenga vipande vyenye umbo la mtu na kuvipa majina ya walimu wake. Kuhusu ndoa na watoto, ambavyo kila historia inayosomwa kijijini hapa huvitaja, hakujaliwa, maana alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Tarehe 6 Oktoba 2025 alishikwa na homa kali na degedege, akapelekwa Same, akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa ambayo sitaitaja, huko wakasema ubongo umevimba, wakamwekea mashine ya kupumulia na dawa za usingizi, wakaupoza mwili kuipunguza homa.

Tarehe 9, saa tatu asubuhi, Dokta Melkizedeki, ambaye ameketi pale turubai la pili, aliamua kupima kama ubongo wake umekufa, kipimo ambamo mashine huondolewa ili ionekane kama mtoto atavuta pumzi mwenyewe, na ambacho kwa utaratibu wao wenyewe hakifanywi mpaka mwili upate joto, dawa za usingizi ziishe, madaktari wawili wawepo, na oksijeni iendelee kuingia mapafuni, kisha kirudiwe baada ya muda. Muuguzi Husna, ambaye ameniruhusu nimtaje, alimwambia, "Dokta, mtoto bado wa baridi, na dripu ya usingizi nimeifunga alfajiri hii tu," naye akajibu, "Sista, nina kikao saa nne."

Akapima peke yake, bila oksijeni, moyo wa mtoto ukasimama, akaandika kwamba amekufa, akampigia simu kaka yangu aliyekuwa amerudi Mamba kufuata nguo, akaenda kwenye kikao chake.

Na sisi tulikosea, tuliiamini simu, kufika saa nane vijana walikuwa wamemaliza kuchimba kaburi mnaloliona, ndipo Hedwiga akapata simu ya kuazima, akapiga kutoka hospitali akilia kwamba moyo wa mwanawe unadunda, wameurudisha mara tu daktari yule alipotoka, na kwa kuwa kaburi halilali tupu, wazee wakalaza shina la mgomba ndani yake, wakati mama mtu ameshika mkono wa mtoto, na mkono una uvuguvugu.

Careen alifariki tarehe 10 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni. Cheti cha hospitali kinasema tarehe 9, msalaba wetu unasema 10, na msalaba haufutwi. Alikuwa mgonjwa sana, huenda angekufa hata kama angepimwa kwa haki, lakini sasa hakuna daktari duniani atakayejua, na hilo simsamehe.

Tunawashukuru Muuguzi Husna na Dokta Abdulmajid, walioukanda moyo wake kwa mikono yao mpaka ukarudi, majirani mliochimba mkangoja nasi, walimu, na darasa la tano zima. Dokta Melkizedeki hatumshukuru. Barua yetu yenye jina lake, saa aliyopima, na joto la mwili wa mtoto, imepokelewa juzi katika baraza linalotoa leseni za madaktari, na kila tarehe 10 ya mwezi nitashuka mlima kwenda kuuliza imefikia wapi, mpaka wanichoke. Dokta, nimeambiwa umekuja na shada. Jina lako halitaitwa kuliweka kaburini, ondoka na shada lako.

Careen, mwanangu, pumzika kwa amani, uichukue amani yote, kwa daktari huyu sitaki ibaki hata chembe.