Aliyebonyeza Kengele: Maisha ya Bi Dakika

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi. Kamati imenipa kurasa mbili na imenionya, kwa upole, nisiseme yasiyotakiwa. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na mnaonijua mnajua mdomo wangu hauna breki. Mwanzo wa wasifu huu utakuwa kama mlivyozoea. Mwisho wake niliuandika upya juzi, na shemeji yangu, mume wa marehemu, ameusoma wote akaniambia niusome kama ulivyo.

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Aprili 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa karani wa stesheni, na kazi yake ilikuwa kuandika kitabuni saa na dakika ya kila treni iliyoingia na kutoka. Mama alikuwa dobi hospitalini. Baba alirudi nyumbani na kazi yake kichwani: ukitumwa chumvi dukani, ukirudi unaambiwa umetumia dakika ngapi. Wanne tulinuna. Dada peke yake ndiye aliyefurahia, akawa anakimbia ili kesho apunguze.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974, ng'ambo ya reli, na nilipofikia umri akakabidhiwa kazi ya kunipeleka. Mimi sikupenda shule, nalisema hilo mbele ya walimu waliopo. Asubuhi moja nilificha kiatu changu cha kushoto chini ya gunia la mkaa, nikalia kwamba kimepotea. Dada hakubishana nami. Alinishika mkono akanipeleka na kiatu kimoja, akanikabidhi kwa mwalimu, akasema, "Huyu yuko tayari, nusu." Hatukuchelewa siku ile wala siku nyingine. Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1985, kisha akasomea ushonaji chuoni kwa miaka miwili na kupata cheti cha daraja la kwanza.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, akiwa mshonaji wa kola. Mwaka 1999 akapandishwa cheo kuwa msimamizi wa ukumbi wa ushonaji. Meza yake ilikuwa juu ya jukwaa dogo, kando ya dirisha la kioo lililotazama geti, na ukutani karibu na mkono wake wa kulia palikuwa na kitufe cha kengele. Saa nne kamili, chai. Saa saba, chakula. Saa kumi na nusu, nyumbani. Mashine mia na sitini zikinguruma kwa pamoja, mtu akikupigia kelele sikioni unaona midomo tu, kwa hiyo kengele ile ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyosikika mle ndani. Ikilia, kila mtu anazima mashine yake na kuelekea mlango wa uani, kwenye foleni ya kantini. Dada hakuwahi kuiwahisha wala kuichelewesha. Wafanyakazi ndio waliompa jina la Bi Dakika, na walimsengenya kwa upendo kwamba akijifungua atamwambia mtoto asubiri hadi saa saba.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Mei 1990, na dereva wa lori ambaye ni shemeji yangu huyu hapa. Lori liliharibika njiani, bwana harusi akaingia amelowa jasho na mafuta kwenye kola. Bi harusi alimtazama usoni, mbele ya wageni wote, akasema neno moja: "Arobaini." Ndizo dakika alizochelewa. Shemeji aliniambia kwamba tangu siku ile alivaa saa mbili, moja kila mkono, na kwamba ukumbi mzima ulicheka isipokuwa bi harusi. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni mwalimu wa hesabu. Ilikuwa nyumba ya kelele na vicheko, na chakula kilikuwa mezani kwa wakati.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ingependa nipite kwa kunyata.

Jumanne, tarehe 10 Novemba 2015, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, watu wanne wenye bunduki waliingia getini kiwandani. Walitoka wapi na walitaka nini, mahakama ilikaa miaka mitatu na haikutuambia. Dada aliwaona dirishani. Alimwona mlinzi anaanguka. Ndani, watu mia na sitini walikuwa wameinamisha vichwa, hawasikii kitu. Alipiga kelele mara mbili, hakuna aliyeinua uso. Ndipo akabonyeza kengele ili mashine zizimwe, wamsikie akiwaambia walale chini. Mbali na mlinzi, watu kumi na mmoja waliuawa siku ile. Dada hakupata hata mkwaruzo.

Ripoti ya uchunguzi iliandika kwamba msimamizi alichukua hatua ya haraka ya kuzima mashine, na kwamba wafanyakazi "walitoka uani kwa taharuki". Uongozi ukampa cheti cha ushujaa chenye fremu ya dhahabu. Shemeji alikitundika sebuleni. Kesho yake kilikuwa kimegeuzwa, uso ukutani. Akakigeuza, kikageuzwa tena. Tulidhani ni unyenyekevu, na tukamsifu zaidi. Mungu atusamehe, tulimsifu sana.

Hakurudi kazini. Alivua saa ya mkononi akaifungia kabatini, akaondoa saa za ukutani vyumba vyote. Yule aliyenipeleka shule na kiatu kimoja akawa hajui leo ni Jumatatu au Ijumaa. Mahafali ya binti yake alifika watu wanakunja viti. Mwaka 2017 alikutwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Alikuwa akivipokea kwa adabu na kuviweka kwenye droo ya cherehani yake. Tulivikuta huko wiki iliyopita, pakiti kwa pakiti, hazijafunguliwa. Naomba mtu asiniambie hapo nje kwamba ni kazi ya Mungu. Mimi nimeiona droo.

Walionusurika walianzishiwa kikundi cha kukutana kila Alhamisi, saa kumi jioni, katika chumba cha shule ya chekechea. Watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, mbele ya picha za tembo na maboga. Fundi mitambo, aliyepigwa risasi ya paja, alikuja na vichekesho vyake, na akishamaliza alilia. Mpishi wa kantini alisimulia kwamba hadi leo sufuria ikianguka anajikuta chini ya meza. Mkata vitambaa, aliyempoteza binti yake wa pekee, hakusimulia kitu. Alikuja, akakaa, akashika mikono ya wenzake. Dada alihudhuria miaka minane na nusu. Fundi mitambo ameniambia kwamba kila mwaka, angalau mara moja, dada alisimama na kuanza, "Siku ile, mimi ndiye..." Na kila mara mkata vitambaa aliinuka, akamkumbatia, akasema, "Shujaa wetu, usijitese. Kaa, dada." Wote wakapiga makofi, naye akakaa.

Mimi nami nilimkalisha. Mwaka 2019, mwezi wa nane, alikuja kwenye kibanda changu ninapotengeneza majokofu. Nilikuwa nimelala chini, bisibisi mdomoni. Akavuta ndoo akakaa juu yake.

"Mdogo wangu, nataka nikwambie kitu. Unisikilize mpaka mwisho, usinikatize."

"Kama ni ya kiwandani, dada, yaache. Wewe ni shujaa. Imeandikwa na imegongwa muhuri."

"Hujanisikia bado."

"Nimekusikia sana. Umekula lakini? Twende tukale kwanza."

Aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kisha akaniuliza kama jokofu lile litapona, nikasema litapona, akasema vizuri, akaenda zake. Sikumfuata. Nilikuwa na kazi ya mtu, na kusema kweli nilifurahi kwamba ameondoka.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 4 Juni 2024, alianguka bafuni. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa wodi ya tatu, kitanda cha dirishani, mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki, ila macho yalikuwa yake kabisa. Daktari alisema asichoshwe. Familia ikanipa mimi kazi ya mlango, kwa sababu nina sura ya kukatalia watu. Niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko kazi zangu zote. Jumamosi alasiri alikuja mkata vitambaa, peke yake, na mkoba kifuani.

"Kaka, naomba dakika tano na dada. Peke yetu."

"Mama, daktari amekataza. Haongei."

"Sitaki aongee. Nataka anisikie."

"Akipata nafuu. Hayo maneno hayaozi."

Akasema, "Haya, kaka," akageuka. Dada yetu alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Juzi Jumatatu mkata vitambaa alikuja nyumbani wakati tunapanga viti. Aliomba kuongea nami jikoni. Ameniruhusu niseme aliyoniambia, na amekaa pale mstari wa mbele ili asiweze kukana.

Aliniambia hivi. Siku ile hakuna aliyetoka kwa taharuki. Kengele ililia dakika ishirini kabla ya wakati, na ukumbi mzima ukalipuka kwa furaha, kwa sababu Bi Dakika, yule ambaye hajawahi kukosea, leo kakosea. Watu walizima mashine wakicheka. Wakasukumana kuelekea mlango wa uani kabla hajagundua kosa na kuwarudisha. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakapiga miluzi, na pale jukwaani dada alikuwa akipunga mikono na kupiga kelele, nao wakadhani anawaita warudi kazini. Wakaongeza mbio. Wenye bunduki walikuwa wameshafika uani, na kumi na mmoja wa kwanza kutoka ndio waliokufa.

Binti wa mkata vitambaa alikuwa na miaka kumi na tisa na wiki ya tatu kazini. Alikuwa mwoga wa mabosi, hakutaka kutoka kabla ya saa nne.

"Nilimsukuma begani," mkata vitambaa aliniambia. "Nikamwambia, 'Kimbia, mjinga wewe, utuwekee nafasi kwenye foleni.' Nilikuwa nacheka, kaka. Yeye alikuwa hataki kwenda."

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hiyo alimnyamazisha dada yangu. Nilimuuliza kwa ukali, sitaficha.

"Kwa sababu angesema la kengele. Na akisema la kengele, mtu atauliza nani alikuwa karibu na mtoto wangu. Nikawa namwita shujaa ili anyamaze. Nilijua hataki hilo jina. Nilimwona anavyokunja uso kila nikilitaja."

"Na Jumamosi ulitaka kumwambia nini?"

"Hayo hayo. Kwamba niliisikia kengele yake na sikumlaumu hata siku moja, kwa sababu wa kulaumiwa nilikuwa namjua. Angejua hayuko peke yake. Basi."

Akaanza kuosha vikombe vyetu. Nilimwangalia anaosha kikombe kimoja mara tatu, nikafikiri jinsi wanawake wawili walivyokaa kwenye viti vya watoto kila Alhamisi, magoti yakigusana, kila mmoja na nusu ya jambo moja, na jinsi sisi wengine tulivyopiga makofi. Na alipokuja mwenyewe na nusu yake hadi mlangoni, dada angali anasikia, mimi nilikuwa nimesimama pale.

Kwa hiyo nalisema mimi, mbele yenu, neno alilolianza kila mwaka na hatukumwacha alimalize. Siku ile, yeye ndiye aliyebonyeza kengele, na watu walitoka kwa sababu ya kengele yake. Aliibonyeza ili wasikie. Alijua walichokisikia. Alikaa na jambo hilo miaka minane na miezi saba, katika nyumba iliyojaa watu wanaompenda, na hakupata mtu hata mmoja wa kumsikiliza hadi mwisho. Nimelisema, na halimfai tena kitu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja wa kike na wajukuu watatu. Ameacha kaka mmoja, dada mmoja, na mimi mdogo wake. Kaka yetu wa pili alimtangulia mwaka 2003. Ameacha wenzake wa Alhamisi, fundi mitambo na mpishi wa kantini. Ameacha pia mkata vitambaa, ambaye ameomba jina la kazi yake liandikwe katika orodha hii, na familia imekubali.

Dada yangu apumzike kwa amani. Alipokuwa hai, hatukumpa.