Marehemu Sebat na Radhi ya Mama Müzeyyen

Marehemu Sebat alizaliwa Machi 1942 katika karakana ya nchi ya mbali iliyokuwa vitani, mtoto wa harakaharaka, mmoja wa ndugu wengi walioundwa kwa mpigo. Picha ya utoto wake hatuna. Alipewa kazi ya kufagia mabomu yaliyotegwa baharini, kazi ambayo ukikosea hurudii. Baadhi ya ndugu zake walikosea. Yeye alitoka na kovu ubavuni, na mwaka 1947 akaletwa kwetu Uturuki, akapewa jina ambalo maana yake ni msimamo.

Masomo aliyapatia Gölcük, kwenye kambi ya wanamaji. Mwaka 1951 alivuliwa nyaya za kufagilia, akafundishwa kuokoa watu waliokwama ndani ya nyambizi. Hapo ndipo alipofungishwa ndoa na kengele: chumba cha chuma kinachoshushwa kwa winchi hadi kwenye mlango wa nyambizi, kikaung'ang'ania, ili watu wahamie humo na kupandishwa. Mpishi Dursun, mtu wa Trabzon asiyejua kufunga mdomo, aliwatazama maharusi akasema, "Bwana mkondefu, bibi tani tisa. Ndoa hii lazima izame tu!" Watu walicheka. Mimi Rüstem, ninayewasomea, nilijiunga mwaka 1962 kama mshika winchi, na utani huo niliukuta bado unachekesha. Mazoezi yote yalikuwa yakifaulu.

Tarehe 9 Novemba 1964, nyambizi Karabatak ilizama katika ghuba ya Saros. Sebat alifika siku hiyohiyo. Hakuchelewa, na hilo nataka lisikike. Wazamiaji walishuka wakaikuta imelala ubavu, na kengele haiwezi kushika mlango ulioinama vile. Tuliishusha, ikateleza. Tukaishusha tena, ikateleza tena. Watu mle ndani walikuwa hai. Walikuwa wakigonga chuma, na ukishuka chini kabisa kwenye ngama, tumboni mwa meli yetu Sebat, uliwasikia. Kapteni akaamuru tujibu kwa nyundo, wajue kwamba tupo. Tuligonga, wakajibu. Tukagonga, wakajibu. Siku ya tatu tuligonga, hawakujibu. Dursun aliendelea kugonga mpaka kapteni akamnyang'anya nyundo.

Miongoni mwao alikuwamo Ferit, kijana wa miaka ishirini, mtoto wa pekee wa Mama Müzeyyen wa Gelibolu. Tangu hapo kila Novemba Sebat alizipeleka familia kutupa maua mahali pale. Mama Müzeyyen hakukosa hata mwaka mmoja. Alikaa kando ya kengele akiwa ameipa mgongo, na yeyote aliyemwomba radhi kwa niaba ya meli alimjibu kwamba hana.

"Mama, kunywa hata chai," Dursun alimbembeleza mwaka mmoja. "Meli yenyewe inakuonea haya."

"Iendelee," akajibu, akanywa chai yake.

Kapteni mpya alipotaka kumpumzisha mzee Sebat, akaahidi kuleta meli nzuri zaidi yenye viti, Mama Müzeyyen ndiye aliyekataa. "Nzuri ya nini? Nataka hiihii. Hii ndiyo iliyomsikia mwanangu."

Maradhi yalianza mwaka 1979: kutu, kisha pampu, kisha moyo wenyewe, yaani injini. Tulimtibu kwa rangi, kama masikini wanavyojitibu. Novemba iliyopita hakuweza kutoka bandarini, na familia zilitupa maua kutoka gatini, maua yakarudi na mawimbi. Marehemu aliuzwa kama chuma chakavu, akavutwa hadi hapa Aliağa, machinjioni mwa meli, tarehe 2 Juni 1987, na kesho asubuhi mafundi wataanza kumkata. Kengele yake itakatwa pamoja naye. Imamu wa mtaa alikataa kukiswalia chuma, na sisemi alikosea. Ndiyo maana ninasoma mimi.

Jana Mama Müzeyyen aliwasili kwa basi kutoka Gelibolu. Alikwenda moja kwa moja mpaka ubavuni mwa meli, akaugonga kwa pete yake, akaegemeza sikio. Akagonga tena. Mafundi walizima mashine zao bila kuambiwa. Nilimweleza kwamba leo, kama ilivyo desturi yetu mbele ya jeneza, nitawauliza watu kama wako radhi na marehemu, yaani kama wamemsamehe.

"Soma yote, Rüstem mwanangu," akaniambia. "Ukifika kwenye radhi, usinitazame."

Marehemu ameacha mabaharia wachache walio hapa; Dursun, anayekaanga halua ya msiba pale nyuma, akifuta macho na kusingizia moshi; na Karabatak, ambayo bado iko ilipo, na sasa hakuna wa kuizuru. Alale penye utulivu, yeye na wote aliowasikia.

Haya jamani. Mlimjuaje marehemu?

Na haki mnazomdai, mko radhi naye?

Nitauliza mara tatu. Macho yangu yako kwenye karatasi.