Verediane Anaondoka, Bizumuremyi Anabaki

Leo, tarehe 30 Juni 1999, mama yetu Verediane anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika kituo chetu cha walemavu, wadogo kwa wakubwa, hapa Gisenyi. Aliajiriwa mwaka 1972 kufua mashuka, lakini mashuka hayakumtosha. Haukupita mwezi alikuwa anaogesha, analisha, anagombeza na kuamua kila kitu isipokuwa mshahara wake.

Ndiye aliyewafungulia lango watoto wa majirani, wasio na ulemavu, waje kucheza mpira na wetu wa magongo. Refa alikuwa yeye mwenyewe na, tuseme ukweli, alipendelea. Timu iliyofungwa ilipewa penalti mpaka ikapona. Mimi ninayetengeneza magongo nilimlalamikia kwamba mechi moja inaharibu kazi yangu ya wiki nzima. Alinijibu, "Bon, we tengeneza ingine tu."

Lakini kati ya wote aliowalea, aliyekuwa wake hasa ni Bizumuremyi. Aliletwa hapa na mama yake akiwa mtoto, hasikii wala hasemi, na mama huyo akafariki mwaka uliofuata. Shule ya viziwi haikuwepo karibu, kwa hiyo yeye na Verediane wakatunga ishara zao wenyewe: ya chai, ya mvua, ya ziwa, ya hasira. Sisi wengine tulijifunza ya chakula tukaridhika. Leo Bizumuremyi ni mwanamume mzima, fundi wa mifagio. Tukimsifu Verediane kwa kumvumilia mtu asiyesema, anatukatalia: "Uyu mutu anasemaka mingi. Ni ninyi munakosa kusikia."

Mwaka 1994 kituo kilitawanywa na mauaji na vita, na Bizumuremyi akachukuliwa na umati wa wakimbizi hadi Goma, ng'ambo ya mpaka. Watu walipoanza kurudi mwishoni mwa 1996, Verediane alikwenda kusimama kando ya barabara karibu na mpaka. Kumwita kusingesaidia. Alipanda juu ya jiwe, akawa anafanya ishara ya jina la Bizumuremyi, vidole viwili kwenye nyusi, pale mwenyewe alipo na kovu, huku wapita njia wakidhani amerukwa na akili. Alirudi hapo kila siku, mpaka jioni moja akaona mikono ikimjibu kutoka katikati ya watu.

Sasa mgongo umemshinda. Anakwenda Kibungo, upande wa pili wa nchi, kuishi na mdogo wake Jovia, ndugu pekee aliyebaki naye, katika chumba kimoja cha kupanga. Nafasi ya mtu wa tatu haipo. Wiki nzima aliahirisha kumwambia Bizumuremyi, na sisi hatukuwa na ishara za kumwambia. Tulichoweza ni kuchanga, tukamnunulia Verediane sanduku la safari na kuliweka ofisini. Hatukukumbuka kwamba anayefagia ofisi ni Bizumuremyi, na mtu wa kwetu akiona sanduku jipya anajua kuna anayeondoka.

Juzi Cansilde wa jikoni alilifungua ili alipanguse. Ndani alikuta mashati mawili ya Bizumuremyi, sahani yake na kisu chake cha kazi, vimepangwa upande mmoja. Upande wa pili mwenyewe alikuwa ameuacha wazi kwa ajili ya vitu vya Verediane.

Verediane alimwita Bizumuremyi wakakaa nyuma ya jikoni asubuhi nzima. Tuliwaona kwa mbali, mikono ya mama ikienda, kisha ya Bizumuremyi. Halafu mama akamrudishia vitu vyake kimoja kimoja, naye akavipokea. Tangu hapo Bizumuremyi anakula peke yake. Tumeumia, na hatujui la kufanya.

Mama Verediane, asante kwa kila shuka, kila kidonda ulichokiosha na kila penalti ya uongo. Bizumuremyi atakuwa na kitanda, kazi na chakula hapa, hilo tunakuahidi. La kuzungumza naye hatuwezi kuahidi. Jana nilikaa mbele yake nikamnyooshea mikono, anifundishe. Alinionyesha ishara moja, akairudia polepole. Siijui maana yake, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Nenda salama, mama. Maisha yako ya Kibungo yawe mema, na usikose mtu wa kuongea naye.

Vénuste, karakana ya magongo