Kinyonga Aliyehamia Ukunguni

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Katesh: ubao mmoja juu ya mawe, na ukikaa unautazama Mlima Hanang moja kwa moja. Letisia ndiye anayetuuzia kahawa ya tangawizi. Jumamosi ile Mzee Margwe, tunayemwita Buti kwa sababu zamani alipandisha watalii mlimani, alifika akichechemea, suruali imejaa tope.

— Shikamoo mzee. Umetoka wapi hivyo? aliuliza Letisia.

— Marahaba. Nimetoka juu. Nilikwenda kumtafuta kinyonga, yule mdogo asiye na pembe.

Gidabuday, ambaye kwa maneno yake mengi tunamwita Redio, aliweka kikombe chini.

— Na magoti hayo, unafuata kinyonga?

— Marehemu mke wangu Efrazia hakuwaogopa. Wenzake wanakimbia, yeye anampandisha kidoleni, anaongea naye. Vinyonga walikuwa huku huku chini, kwenye vichaka vya pembeni mwa mahindi yetu. Nilitaka nimwone mmoja tena.

— Ukampata?

— Shambani hakuna, vichaka tulishafyeka vyote. Nikaingia msituni, hakuna. Nikapanda mpaka kwenye ukungu, kule miti ina ndevu za kuvu. Hapo ndipo nikamwona. Nikanyoosha kidole, akapanda.

Letisia alimpa kikombe cha kahawa.

— Ni mnara wa simu uliowahamisha, Redio alisema taratibu. — Unawaumiza kichwa, wanakimbilia kusiko na mtandao.

— Mbona kule juu mtandao unashika kuliko hapa? Wanatukimbia sisi. Tuliwapiga mawe tangu utoto, alisema Letisia.

— Basi walikaa kikao. Panya wabaki chini, nyani katikati, kinyonga juu. Wamegawana mlima kama viwanja.

— Hakuna kikao, Redio, alisema Mzee Margwe. Kila mnyama ana baridi yake. Zamani baridi ilishuka mpaka mlangoni kwetu, Efrazia anaota moto hadi saa nne asubuhi. Sasa imepanda, na kinyonga ameifuata.

Mwalimu Mectilda, aliyehamia kwetu mwezi huo kutoka Bukoba, alikuwa amesimama akisubiri kahawa.

— Shikamooni wazee. Samahani, naomba kuuliza. Baridi ikizidi kupanda, kinyonga akishafika kileleni ataenda wapi?

Letisia akaendelea kumimina. Mzee Margwe aliutazama mlima mpaka mawingu yakaufunika.