Zamu ya Eufrasia

Marehemu Eufrasia Kokuhirwa Rwegasira, ambaye mwili wake uko mbele yetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kashozi, Bukoba, akiwa mtoto wa tano kati ya wanane, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari, kisha uuguzi mjini Mwanza, alikohitimu mwaka 1983.

Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na marehemu Telesphor Rwegasira, wakahamia London mwaka 1991, wakajaliwa mtoto mmoja, Adelina, aliyezaliwa hapa Ilford mwaka 1993, ambaye Kiswahili anakielewa na hujibu kwa Kiingereza, lakini ameomba historia hii isomwe kwa Kiswahili, ili wanaohusika wasikose hata neno.

Marehemu aliuguza wagonjwa wodini kwa miaka ishirini na minane, na tangu mumewe alipofariki mwaka 2009, jioni zake aliwapa wanaolala nje kule Stratford, akiwaosha vidonda, akiwakata kucha, na waliozidiwa akiwachukua kwake, akiwemo Baudouin, mzaliwa wa Bukavu, asiye na karatasi za kuishi hapa, aliyefika Desemba 2021 na mguu unaonuka, akawa mtu wa nyumbani.

Jumuiya yake husali rozari kila Jumamosi kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na zamu yake ilipofika, tarehe 8 Oktoba 2022, aliazima viti kumi na viwili kwa jirani yake Rupinder, akapika vitumbua, akachemsha chai ya maziwa, akangoja, na hakuna aliyebisha hodi. Alipouliza, mmoja wa viongozi, ambaye yupo hapa na familia haimtaji, alimwambia, “Dada Eufrasia, rozari tunasali nyumbani kwa mtu, hatusali kambini.” Naye akajibu, “Sawa, ndugu yangu, ila zamu yangu msiifute. Nitangoja.”

Zamu ilizunguka mara nne tena, na kila mara viti viliazimwa, vitumbua vikapikwa, vikaliwa na wageni wake, Baudouin akaongoza rozari. Wanajumuiya walimwita Mama Machokoraa, naye alicheka mbele yao, lakini Adelina alimkuta jikoni akilia, sufuria ikiungua.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaomba jambo moja tu, jumuiya ije isali kwake angali hai, ujumbe ukatumwa mara tatu, ukaonekana umesomwa, na Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baudouin.

Jioni ile ile jumuiya ilifika nzima, maana kwetu mgonjwa husubiri lakini msiba haususiwi, Baudouin akawafungulia mlango, viti vya Rupinder havikutosha, watu wakajaa hadi kwenye ngazi, wakisema amekufa mtakatifu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, Rupinder kwa viti vyake, na jumuiya, kwa kufika.

Zamu yako haikufutwa, mama, na nyumba ilijaa. Pumzika kwa amani.